Siku Saba Bila Maji

Waliniambia: Tsofa, siku saba usimwagilie.
Picha ni za karatasi, na maji yana fitina.
Nikasema haya.
Nikaukunja mpira kama nyoka aliyeshiba,
nikaulaza stoo, nyuma ya reki.

Kisha wakaja na nyundo.
Mkilifi wa lango la pili,
huu nilioupanda mwaka wa Elnino,
ukala misumari kumi na mmoja.
Nilihesabu. Mtu huhesabu chake.
Kwenye msumari wa kwanza wakatundika picha
ya mti.
Picha ya mti, juu ya mti,
na Malindi nzima ikapiga foleni kuitazama.

Sikatai, ilikuwa nzuri.
Aliyeuchora aliujua: majani yenye meno ya msumeno,
gome lililopasuka kama kisigino wakati wa kaskazi.
Lakini wangu ulikuwa ukitoa utomvu pale ulipopigwa,
na hakuna aliyeshusha macho hadi hapo.

Afisa wa utamaduni akakata utepe wa kijani.
Akasema "mazingira" mara ishirini na tatu.
Hizo nazo nilihesabu.
Nyuma yake asumini zimeinamisha vichwa
kama watoto wa chuoni saa ya adhuhuri.

Wanafunzi wakaletwa, wawili wawili.
Mmoja, Mbeyu, akasimama mbele ya picha ya kipepeo
akauliza mbona mabawa hayana vumbi.
Mwalimu akasema, songa mbele.
Mimi nikamvuta kando, kwenye mdimu,
nikamwonyesha kiwavi mwenye sura ya kinyesi cha ndege.
Huyu ndiye, nikamwambia. Hajavaa bado.
Akacheka mpaka daftari likamdondoka.

Siku ya nne mkilua ukapukutisha maua machanga,
hayajapata hata kunukia.
Bi Zuhura wa Shella, ambaye kila Alhamisi
huja kuniomba vilua viwili vya kikuba,
akasimama mkono mtupu.
Akanitazama. Hakusema neno.
Heri angesema.

Usiku nikarudi na birika la nyumbani,
lita moja na nusu, mdomo umepinda.
Nani amewahi kuona bustani
ikinyweshwa kama mgonjwa?
Funda hapa, funda pale.
Mkilua kwanza. Asumini. Mdimu wa Mbeyu.
Mkilifi haukuomba. Niliugusa tu.

"Wafanya nini, baba?"
Msichana, rangi kavu kwenye kucha,
ameketi gizani chini ya ile picha ya mti.
Nyevu, jina lake. Picha, yake.
Nawapa chai, nikasema.
Hakucheka.
Akapapasa gome kwa kidole, akafika kwenye utomvu,
akanusa kidole kwa muda mrefu.
Kisha akaishusha picha, akaikunja kama mkeka,
akaniuliza mpira uko wapi.

Tulizihamishia barazani zote, moja moja,
tukinong'ona kama wezi wa kuku.
Ya samaki ilituponyoka, ikapata tope mkiani.
Ikapendeza zaidi. Hatukumwambia mtu.

Nikafungua bomba.
Ardhi haina asante,
yenyewe hunywa tu,
lakini harufu iliyopanda usiku ule
mpaka mlinzi wa benki ng'ambo ya barabara
akatoka nje kutazama kama ni mvua.

Alfajiri picha zilikuwa mahali pake,
na afisa akasifu jinsi majani yalivyochangamka.
Sanaa, alisema, huamsha mazingira.
Ishirini na nne.

Walipofunga maonyesho waling'oa misumari kumi.
Wa kumi na moja ukagoma, nikasema uacheni.
Alhamisi Bi Zuhura alipata vilua vitatu,
akanirudishia kimoja:
usizidishe, Tsofa, nitakuzoea vibaya.

Kwenye msumari ule sasa natundika kofia yangu.
Jana alikuja mgeni, miwani, mkoba wa ukili,
akasimama mbele yake, mkono kidevuni,
akarudi hatua mbili,
akainamisha kichwa upande.
Sikumsumbua.
Nilikuwa namwagilia.